Kobe Apanda Vilima vya Ngara

Roboti ya kutembea haipimwi sebuleni. Sakafu ya vigae haina tope, haina kokoto wala mteremko, na juu yake hata mashine dhaifu huonekana hodari. Anayetaka kujua kama miguu aliyoitengeneza ni miguu kweli, aipeleke mahali ambapo ardhi itaihoji. Mimi yangu niliifunga kwenye boksi la viatu, nikaizungushia kanga kuukuu isigongwegongwe, nikapanda basi la alfajiri Mwanza kuelekea wilaya za Biharamulo na Ngara, mkoani Kagera. Huko udongo ni mwekundu, vilima havikatiki, na watu wamezoea kupandisha mizigo kwa miguu na kwa baiskeli kwenye miinuko inayoyatoa jasho malori.

Roboti hiyo naiita Kobe. Kiwiliwili chake ni kipande cha plaiwudi. Miguu yake minne imekatwa kutoka kwenye alumini ya sufuria iliyotoboka. Kila mguu una viungo vitatu, yaani nyonga, paja na goti, na kila kiungo kina mota yake ndogo aina ya servo. Jumla mota 12. Ndani ya kila mota mna gia na kipimo kinachojua mkono wake umefika wapi. Kompyuta ndogo hutuma mpigo wa umeme mara 50 kwa sekunde: mpigo wa milisekunde 1 huupeleka mkono upande mmoja, wa milisekunde 2 huupeleka upande wa pili, na wa 1.5 huuweka katikati. Kompyuta yenyewe ni bodi ya Arduino, aina iliyozaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi wasiokuwa wahandisi. Hakuna aliyenituma kuijenga wala anayenilipa. Ni kazi ya jioni, baada ya kazi inayolisha nyumba, na naipenda.

Basi lilivuka ziwa kwa Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, mahali ambapo zamani tulikuwa tukipanga foleni ya kivuko. Baada ya Sengerema na Geita, njia ni ndefu na msafiri ana nafasi ya kufikiri. Niliwaza jinsi ukanda wetu ulivyokwisha kuzoea mashine zinazojiendesha. Mwaka 2018, ndege isiyo na rubani ya mradi wa majaribio ilibeba dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, mwendo wa kilomita 60, kwa dakika kama 40. Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini kwa ndege za namna hiyo mwaka 2016. Kinshasa, mwaka 2013, roboti kubwa zilizobuniwa na kikundi cha mhandisi Thérèse Izay Kirongozi zilisimamishwa kwenye makutano ya barabara ziongoze magari. Tuna zinazoruka na tuna zinazosimama. Za kutembea bado ni chache, kwa sababu kutembea ni kugumu.

Ugumu huo una historia. Pafnuty Chebyshev, mwanahisabati wa Urusi, alionyesha mashine yenye miguu minne kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1878. Ilitembea kwa vyuma vilivyounganishwa kwa hesabu safi, bila kompyuta. Mwaka 1990, Theo Jansen wa Uholanzi alianza kujenga wanyama wa mabomba ya plastiki wanaotembea ufukweni kwa nguvu ya upepo. Kazi hizo mbili ni za kupendeza, ila zina sharti moja: kila hatua inafanana na iliyotangulia, kwa hiyo zinataka ardhi tambarare. Mlima hautoi hatua mbili zinazofanana. Ndiyo sababu ya mota 12: kila mguu uweze kubadilisha hatua yake peke yake.

Biharamulo: nyayo

Biharamulo ni mji wa zamani. Boma la Wajerumani bado lipo, likiwakumbusha wapitao kwamba hapa palikuwa kituo cha utawala tangu mwanzo wa karne iliyopita. Mimi nililifuata soko. Nilimweka Kobe kwenye changarawe nyuma ya vibanda, nikawasha swichi. Alinyanyua mguu, akaukanyagisha, na mguu ukateleza. Akajaribu mwingine, nao ukateleza. Alikuwa anachimba mahali pamoja.

Watoto walijaa kwanza, kisha watu wazima. Mmoja akaniambia niende kwa mzee anayeshona katambuga, vile viatu vya matairi. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, kisu chake kimekwisha nusu kwa kunolewa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hicho ulichobeba ni nini?"

"Ni roboti, mzee. Inatembea, ila miguu inateleza."

Alimpokea Kobe kwa mikono miwili, akamgeuza chali, akapitisha kidole gumba kwenye ncha ya kila mguu. "Mguu huu hauna nyayo," alisema. "Mpe nyayo kwanza, halafu ndiyo umdai mwendo."

Alichagua tairi la pikipiki, akaliacha la lori kwa sababu ni nene na gumu mno kwa mzigo mwepesi. Alikata vipande vinne vya duara, kila kimoja kikubwa kidogo kuliko kizibo cha soda. Alilowesha kisu kwenye kopo la maji, maana mpira mkavu huking'ang'ania kisu, kisha akachora mifereji ya kukingama upande wa chini. Mimi nilikuwa nimeshashika bolti ili nivikaze. Akanizuia.

"Ukikaza sana, mguu ukikanyaga jiwe kwa upande mmoja utainuka wote. Ulegeze kidogo, nyayo iinamie jiwe."

Akapitisha bolti katikati ya kila kipande, akaacha nafasi ndogo, kisha akazungusha utepe wa mpira wa tyubu kuunganisha nyayo na mguu. Ukiisukuma nyayo kwa kidole inalala upande. Ukiiachia, tyubu inairudisha. Hicho ndicho kifundo cha mguu. Wahandisi wa maabara kubwa huandika kurasa nyingi kuhusu kiungo kinacholegea chenyewe bila mota, na mzee huyu alikitoa kwenye ujuzi wa miaka ya kuangalia jinsi viatu vinavyolika. Nilipomrudisha Kobe kwenye changarawe, alikwenda. Taratibu, lakini alikwenda, na sokoni pakapigwa vigelegele.

Palepale likazuka jambo jingine. Muuza dagaa alitukopesha mizani, na Kobe pamoja na betri na nyayo zake mpya akasoma gramu 900. Baada ya mizunguko michache mota za mapaja zilikuwa za moto, hazishikiki. Hesabu yake ni rahisi na kila mjenzi wa roboti za miguu anapaswa kuijua. Mota niliyotumia, MG90S yenye gia za chuma, kwa umeme wa volti 4.8 ina uwezo wa kuhimili kilo 1.8 iliyoning'inia sentimita 1 kutoka kwenye mhimili wake. Mzigo ukiwa mbali mara sita, uwezo unagawanywa kwa sita. Mapaja ya Kobe yalikuwa na urefu wa sentimita 6, kwa hiyo paja lililonyooshwa liliweza gramu 300 tu. Na roboti ya miguu minne inapoinua mguu mmoja, mitatu inayobaki hugawana uzito wote: gramu 900 kwa tatu ni 300. Mota zilikuwa zinafanya kazi kwenye ukingo wa uwezo wao kila hatua. Mota inayofika hapo hugeuza umeme kuwa joto.

Dawa ni kupunguza uzito, kununua mota kubwa, au kufupisha paja. Mota kubwa nayo ina uzito wake na inataka betri kubwa zaidi, ukajikuta unaukimbiza mzigo unaouongeza mwenyewe. Nikaamua kufupisha.

Lusahunga hadi Rusumo: mzigo

Kutoka Biharamulo nilishuka hadi Lusahunga, ambapo barabara inakutana na ile kuu inayotoka Nyakanazi kwenda Rusumo. Hapa ndipo malori ya Dar es Salaam yanapopita kwenda Rwanda, na mengine Burundi. Panapopita malori hapakosi mafundi: wa matairi, wa kuchomelea, wa breki. Kijana mmoja wa gereji ya baiskeli alinipa nafasi kwenye jiriwa yake. Tulipiga alama kwa chaki, tukakata mapaja manne kwa msumeno wa chuma, tukatoboa matundu mapya sentimita 4 kutoka kwenye nyonga, tukalainisha kingo kwa tupa. Kwa urefu huo kila mguu unaweza kubeba gramu 450 kabla ya kufika mwisho wa uwezo wake, na mzigo wake ni 300. Hatua ilifupika na mwendo ukapungua. Mota zikapoa.

"Baiskeli ni hivyohivyo," kijana aliniambia huku akipuliza unga wa alumini. "Anayebeba ndizi hataki baiskeli ya mbio."

Barabara ya kwenda magharibi inapita misitu ambayo miaka ya nyuma mabasi yaliipita kwa msafara, polisi wakisindikiza kwa hofu ya majambazi. Leo unaipita ukisinzia. Sehemu ya mapori ya upande huu, Biharamulo, Burigi na Kimisi, tangu 2019 imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Kisha vilima vinaanza, na malori yanapanda kwa gia ya kwanza, moja nyuma ya jingine.

Benaco ni senta ya biashara leo: mahoteli, maduka ya simu, wauza mahindi ya kuchoma. Mtu wa umri wangu hawezi kulisikia jina hilo bila kukumbuka mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya muda wa kama siku moja, na kambi ya Benaco ikajaa. Wengi walikuja kwa miguu, watoto mgongoni, magodoro kichwani. Nilikwenda Rusumo kuliona daraja hilo na maporomoko yake, karibu na mahali ambapo mto Ruvubu unakutana na Kagera. Nilikaa pale muda mrefu. Sikumtoa Kobe kwenye boksi. Mahali pale panastahili heshima yake.

Pembeni ya maporomoko sasa kuna mtambo wa umeme wa megawati 80, unaogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Kwa wenyeji wa Ngara na Biharamulo, ambao kwa miaka mingi walitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, umeme si jambo dogo. Na kwa mtu anayejenga roboti umeme ndio uhai wenyewe, kama nilivyoonyeshwa siku iliyofuata.

Ngara: mlima

Ngara mjini kuna baridi ya kuvalia sweta, na nyumba zimejengwa juu ya vilima. Njia ya kwenda popote ni ama kupanda ama kushuka. Kwenye mteremko wa kwanza Kobe alipiga hatua mbili, akatetemeka, akalala kifudifudi kama aliyezimia. Nikamwinua, akasimama, akaanza upya kama aliyewashwa sasa hivi. Akarudia hivyo hivyo kila alipoanza kupanda.

Fundi redio niliyeelekezwa alikuwa na kibanda karibu na stendi. Aliniambia alianza ufundi akiwa kijana, akitengeneza redio za watu waliotaka kusikiliza Redio Kwizera, kituo kilichoanzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, ili wakimbizi na wenyeji wapate habari. Hakuhitaji kuona Kobe akianguka. Aliuliza jambo moja tu: "Umeme wa mota na umeme wa kompyuta unatoka waya mmoja?"

Ndiyo, ulitoka waya mmoja. Betri mbili za lithiamu za volti 3.7, zilizotolewa kwenye kompyuta ya mapajani iliyokufa, ziliunganishwa kutoa volti 7.4, kisha kifaa kidogo cha kushusha volti kikalisha kila kitu. Kifaa hicho kilimudu ampia 3. Mota ndogo kama ile ikielemewa inaweza kuvuta karibu ampia 0.7, na kumi na mbili zikielemewa pamoja zinapita ampia 8. Kwenye tambarare hazielemewi pamoja. Mlimani zinaelemewa nyingi kwa wakati mmoja, volti inashuka ghafla, kompyuta inazimika na kujiwasha upya, na mwili unaanguka.

Fundi alichomoa nyaya zangu nyembamba zote. Akazitupa. Akachukua waya mnene wa spika ya zamani, akaukwangua kwa kisu, akaupaka risasi kwa chuma cha moto mpaka ncha ikang'aa. Aligawa umeme: miguu ya kushoto kifaa chake, miguu ya kulia kifaa chake, na kompyuta kifaa cha tatu peke yake. Mwisho akafungua ubao wa televisheni mbovu, akang'oa kapasita mbili za mikrofaradi 1,000, akazipima, akaziweka karibu kabisa na mota. Kapasita huhifadhi umeme kidogo na kuutoa mara moja mota zinapoudai kwa pupa. "Akiba," alisema fundi, na hakuongeza neno.

Kesho yake mwalimu wa fizikia wa sekondari moja alinikaribisha kwenye klabu ya sayansi ya shule yake. Wanafunzi hawakutaka hotuba, walitaka kupima. Walifunga nati kwenye uzi, wakauning'iniza kwenye kipimapembe, wakasoma mteremko ulio nyuma ya madarasa: nyuzi 20. Kobe alipanda kidogo akabinukia nyuma. Umeme ulikuwa salama na nyayo zilishika. Kilichobaki kilikuwa hesabu.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu alikwenda ubaoni. Uzito wa mwili, alieleza, unashuka wima hata kama ardhi imeinama. Kwa hiyo kwenye mteremko alama yake chini inasogea upande wa bondeni kwa kimo cha mwili mara tanjenti ya pembe. Jedwali la hisabati likasema tanjenti ya nyuzi 20 ni 0.364. Mwili wa Kobe ulikuwa sentimita 10 juu ya ardhi: alama inasogea sentimita 3.6, nje kabisa ya pembetatu ya miguu mitatu iliyobaki chini. Ukishushwa hadi sentimita 6, inasogea sentimita 2.2, na inabaki ndani.

"Basi ainame," akasema kijana wa nyuma. Wahenga walikwishasema kobe akiinama ujue anatunga sheria, na darasa zima likaikumbuka methali hiyo kwa sauti moja.

Tulibadilisha programu: mwili ushuke, miguu itanuke. Bado alikuwa anayumba kila alipoinua mguu. Barabarani chini ya shule alipita mwanamume akisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kupanda mlima. Mwalimu akawaambia wanafunzi wamtazame miguu. Mtu yule aliweka mguu mbele, akauegemea mpaka uzito wote ukahamia pale, ndipo akainua wa nyuma. Hakuinua mguu wowote uliokuwa bado na kazi. Tukaandika hivyo hivyo kwenye programu: kwanza kiwiliwili kisogee kuelekea miguu mitatu itakayobaki, ndipo wa nne uinuke. Na mpangilio ukawa nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia, kwa sababu ndio unaoacha nafasi kubwa zaidi ya usalama.

Kobe alipanda mteremko ule mpaka kwenye ukuta wa darasa. Wanafunzi walitembea pembeni yake kwa mwendo wake, wengine wamechuchumaa, hakuna aliyemharakisha.

Nimerudi na imani iliyothibitishwa. Vipande vya roboti hununuliwa mjini, lakini ujuzi wa kuifanya itembee umetawanyika kwa watu ambao hakuna anayewaita wahandisi: mshona katambuga anayejua nyayo, fundi baiskeli anayejua mzigo, fundi redio anayejua umeme, na mbeba ndizi anayejua mlima. Shule zetu zinafundisha tanjenti na mafundi wetu wanaitumia kila siku, na mara nyingi kati yao hakuna mlango.

Mlango huo unaweza kufunguliwa bila kusubiri fedha nyingi. Young Scientists Tanzania imekuwa ikiwakusanya wanafunzi wa sekondari na miradi yao ya utafiti tangu maonyesho yake ya kwanza mwaka 2012. Serikali ilianzisha mashindano ya MAKISATU mwaka 2019 kwa ajili ya wabunifu, wakiwamo mafundi wasiopitia vyuo. Kagera ina chuo cha ufundi cha VETA cha mkoa, kilichojengwa nje ya Bukoba kwa msaada wa China. Njia zipo. Kinachokosekana wilayani ni meza: meza moja ndani ya shule, yenye jiriwa, msumeno, tupa, chuma cha kuchomelea na boksi la vifaa vibovu, na fundi wa mtaani anayealikwa kila wiki na kulipwa kama mwalimu mwingine yeyote.

Halmashauri zinazopanga bajeti ziiweke meza hiyo kwenye hesabu. Mwalimu wa sayansi, mwalike fundi wa karibu nawe kabla muhula huu haujaisha. Na wewe mzazi, redio ikifa usiitupe: mpe mwanao bisibisi, umwache aifungue.